Paka Mweusi Hajatumwa na Mtu

Mwezi uliopita mama mmoja wa Dunga aliniletea katoni ya sabuni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na paka dume wa miezi mitano hivi, mweusi tititi. "Daktari, mdunge sindano alale tu. Huyu si paka." Mamake ana mistari ya kijivu, akaeleza, na dume anayezurura kule mtaani ana mistari pia. Sasa mweusi katoka wapi? Majirani walishampa jibu: ametumwa.

Kama daktari wa mifugo hapa Kisumu, shtaka hilo nalisikia mara kwa mara, na jibu lake ni la urithi. Kwa paka wa mistari, unywele mmoja huwa na sehemu nyeusi na sehemu ya hudhurungi zinazopokezana kutoka shina hadi ncha. Kuna jeni inayosimamia mpokezano huo. Ikiwa na kasoro, unywele wote hujaa melanini nyeusi, yaani rangi ya asili ya nywele. Mtoto hurithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama, na hawi mweusi mpaka zote mbili ziwe na kasoro. Kwa hiyo wazazi wawili wenye mistari, kila mmoja akibeba nakala moja kimyakimya, huzaa mweusi bila msaada wa mganga. Chui mweusi wa Laikipia, ambaye picha zake zilienea duniani mwaka 2019, ni chui wa kawaida aliyerithi kwa njia hiyo hiyo.

Nilimtoa paka nikamweka dirishani, jua la saa nne likampiga ubavuni. Mistari ikajitokeza, hafifu, kama penseli iliyofutwa vibaya. Mama akainama, akaifuata kwa kidole. "Kumbe anayo ya mamake."

Mgongoni alikuwa na wekundu wa kutu, ambao majirani waliuita dalili ya kujigeuza. Jua huchujua rangi nyeusi. Tena paka anayelishwa ugali mtupu anaweza kukosa tairosini, malighafi ya melanini inayopatikana kwenye nyama na samaki. Mwongeze omena.

Lakini usiku hukodolea ukuta, watasema, macho yakiwaka! Panya huitana kwa sauti nyembamba ambazo sikio letu halizipati. La paka huzipata. Na nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Ng'ombe na mbuzi wanao pia. Mulika tochi zizini usiku uone, ingawa sijasikia ng'ombe akiitwa jini.

Huku kwetu paka mweusi akionekana uani usiku hutajwa sambamba na jajuok, mchawi wa usiku kwa Kijaluo. Ulaya nako, mwaka 1233, Papa Gregory IX aliandika waraka uliomtaja paka mweusi katika ibada za wazushi. Ajabu ni kwamba Waingereza wengi, na Wajapani pia, humhesabu kuwa bahati. Nuksi gani hii inayogeuka baraka kwa kuvuka bahari?

Gharama yake tunailipa sisi. Penye omena na mahindi pana panya, na anayepigwa mawe ndiye aliyekuwa akiwapunguza. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamlinda paka wa rangi yoyote dhidi ya kipigo cha kikatili na sumu.

Linalofaa kuogopwa ni kichaa cha mbwa, ambacho paka naye hukipata. Achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Akiugua yeye, usimpe Panadol: kwa paka ni sumu, hata kipande kidogo.

Ukimleta kwa chanjo, usimpakate kwenye boda boda, atakuparura na kuruka. Mtie katika katoni yenye matundu ya hewa. Ya yule mama haikuwa na hata moja. Tuliitoboa kwa kalamu kabla hajapanda boda boda kurudi naye Dunga.