Utando unaosafisha maji kwa mwanga: maswali na majibu

Ni kitu gani hasa?
Ni utando mwembamba, mara nyingi wa titani dioksaidi, ile poda nyeupe ya kwenye rangi za ukutani na krimu za kujikinga na jua. Hupakwa juu ya kioo, kauri au chuma, kisha maji hupitishwa hapo huku yakimulikwa.

Unasafishaje?
Miale ya urujuanimno ikiupiga utando, elektroni huchomoka na kuacha pengo. Vyote viwili, elektroni na pengo, hukutana na oksijeni na maji, na hapo huzaliwa radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli vya oksijeni na haidrojeni. Radikali hizi hazidumu hata kidogo, ila ni kali: hukatakata molekuli za viuatilifu, rangi za viwandani na mabaki ya dawa. Kazi ikikamilika, hubaki maji, kaboni dioksaidi na chumvichumvi. Utando wenyewe hauliki wala kupungua katika mchakato huo.

Mbona basi haujaenea?
Mwanga ndio kikwazo. Titani dioksaidi huamshwa na miale yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 390 hivi, na urujuanimno wote ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Maji yakiwa na tope, hata hiyo kidogo haifiki. Tena kazi hufanyika pale tu maji yanapogusa utando. Poda iliyokorogwa majini hufanya kazi haraka zaidi, lakini baadaye nani ataichuja yote?

Unaua vijidudu?
Ndiyo, polepole. Ila hauachi kinga majini kama klorini, hivyo maji yaliyohifadhiwa yanaweza kuchafuka upya.

Na risasi, floraidi, arseniki?
Risasi na floraidi, usitegemee. Elementi haivunjwi kwa kukatakata molekuli. Arseniki hubadilishwa tu kuwa ya aina iliyo rahisi kunaswa, na lazima kiwepo kitu kingine cha kuinasa.

Una madhara kwa mnywaji?
IARC, shirika la utafiti wa saratani duniani, limeiweka titani dioksaidi kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani, kwa sababu ya vumbi lake linapovutwa puani. Hilo ni la kumhofisha zaidi fundi anayepaka. Kwa mnywaji, ulizia kama utando unabanduka. Kinachonitia wasiwasi zaidi mimi ni molekuli zilizokatwa nusunusu: baadhi huwa na sumu kuliko molekuli za awali.

Muuzaji ametuonyesha maji ya rangi yakigeuka meupe. Haitoshi?
Haitoshi. Rangi hupotea mara sehemu moja ya molekuli inapokatika, huku iliyobaki ingali majini. Mwombe kipimo cha jumla ya kaboni ogania, yaani kaboni yote iliyo katika molekuli za uchafu, kabla na baada, kilichofanywa kwa maji yanayofanana na yako, si maji safi ya maabara yaliyotiwa rangi.