Hedi za flathedi yenye supachaja: tafuta pumzi kwanza

Mteja aliniletea hedi mbili mpya za alumini nizifunge kwenye gari lake, Mercury ya 1950, lenye injini ya flathedi tunayoiwekea supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya injini. Ni hedi nzuri kwa macho, mbavu zimenyooka, zinang'aa. Nilipozipima nikamwomba azirudishe dukani. Hakufurahi, na maelezo niliyompa nayaweka hapa kwa sababu kosa hili nalikuta mara nyingi.

Kwenye injini nyingi hedi ndiyo inayobeba vali. Kwenye V8 (injini ya silinda nane) ya flathedi, ambayo Ford waliitoa 1932, vali zimo ndani ya bloku, kando ya silinda. Hedi ni kifuniko chenye njia za maji, tundu la plagi na chumba cha mwako. Chumba hicho kina kazi mbili zinazogombana. Hewa ikishapita vali lazima ikate kona chini ya dari la hedi ndipo ishuke kwenye silinda. Ukishusha dari, kompresheni (kiasi ambacho mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa) inapanda na injini inakabwa. Ukiliinua, injini inapumua na kompresheni inashuka. Bila supachaja unatafuta katikati. Ukishafunga supachaja ugomvi umekwisha, maana hewa inasukumwa kwa nguvu: chagua injini ipumue.

Hesabu ni hii. Mercury ya inchi za ujazo 255 ina takriban sentimita za ujazo 523 kwa silinda. Nikitaka kompresheni ya 7 kwa 1, nagawa 523 kwa 6, yaani 7 kutoa 1. Nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa, pamoja na ya gasketi, iwe 87. Hedi za yule mteja zilitupa 70 tu, yaani 8.5 kwa 1. Supachaja ikisukuma pauni 6 kwa inchi ya mraba, zidisha kwa 1.4: ile 7 inafanya kazi kama 9.8, ile 8.5 inakaribia 12. Kwa petroli ya kawaida injini itagonga (mchanganyiko unalipuka wenyewe badala ya kuungua taratibu), iunguze gasketi au itoboe pistoni. Tena flathedi ina joto la kuzaliwa nalo, kwani moshi wake unapita ndani ya bloku kabla ya kutoka. Ndiyo maana huchemsha, na bloku hupasuka kati ya vali na silinda. (Hedi za Ardun, za Zora Arkus-Duntov, ziliondoa tatizo hilo kwa kuhamishia vali juu, lakini bei yake ni ya kununulia gari zima.)

Wengine hushusha kompresheni kwa kuweka gasketi nene. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Upande usio na vali, hedi inatakiwa ikaribiane sana na pistoni ili mchanganyiko usukumwe kwa kasi kuelekea kwenye plagi; hilo lenyewe linapunguza kugonga. Mimi huacha milimita 1.2 hadi 1.5. Nafasi ya ziada naitafuta juu ya vali tu. Kuhakikisha, nabandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni na vali, nafunga hedi na gasketi yake, nazungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili, kisha nafungua na kupima unene wa udongo. Ujazo wa chumba naupima kwa mafuta ya taa na bomba la sindano. Namba ya kwenye boksi siitegemei.

Alumini inatoa joto haraka, kwa hiyo naipenda. Lakini hedi za chuma za kiwandani za 1949 hadi 1951, zenye kompresheni ya karibu 6.8, zinafaa kabisa kama hazijapinda. Tulimalizia na hizo.

Miaka hiyo zilifungwa kwa boliti. Mimi naweka stadi (vijiti vyenye uzi vinavyobaki kwenye bloku) na nati, maana supachaja inataka kuinua hedi, na kila uzi napaka dawa ya kuziba kwa kuwa matundu mengi yanafika kwenye maji. Nawasha injini ipate moto, naiacha ipoe kabisa, nakaza tena. Narudia hivyo mpaka nati zisisogee hata kidogo, ndipo namkabidhi mwenye gari ufunguo.