Ndimu na jua haviondoi madoa usoni

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, Kisumu hadi Kakamega: paka maji ya ndimu usoni, ota jua dakika 20, na kwa siku 3 madoa meusi yataisha. Si kweli, na anayeufuata anaweza kupata madoa mapya.

Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikibaki kwenye ngozi kisha zikapigwa na jua, huiunguza: baada ya siku moja au mbili hutokea wekundu au malengelenge, halafu alama nyeusi inayoweza kudumu miezi. Asidi yake nayo ni kali, pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) karibu 2, ilhali ya ngozi ni karibu 5. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa hutoa melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, zaidi.

Mkanganyiko unaeleweka, maana ndimu hung'arisha nguo na vitamini C imo katika krimu nyingi. Ila ngozi ya juu huchukua takriban wiki 4 kujibadilisha, kwa hiyo ahadi yoyote ya siku 3 itilie shaka.

Kinachosaidia kwanza ni krimu ya kinga ya jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi: mistari miwili, kila mmoja urefu wa kidole, kwa uso na shingo, irudiwe kila saa 2 ukiwa nje. Dawa kama asidi ya azelaiki huhitaji miezi. Krimu isiyoorodhesha viambato, au iliyoandikwa "mercury" au "calomel" (yaani ina zebaki, ambayo ni sumu), usipake. Doa linalokua, kubadilika rangi au kutoa damu, mwonyeshe daktari.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyekutumia sababu.