Emulesheni ya sinthesaiza ni nini, na kwa nini sio sawa na kurekodi kinanda cha zamani

Kuna swali naulizwa sana na madogo wanaoanza kutengeneza biti: bro hii plagini, yaani programu ya sauti unayoiongeza ndani ya programu ya muziki, imeandikwa ni Juno ya mwaka 1984, ile sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti chenyewe kwa umeme) ya Roland, sasa mle ndani kuna nini, wamechukua Juno wakairekodi wakaitia kwenye kompyuta au? Jibu fupi ni hapana, mara nyingi hakuna hata sekunde moja ya sauti ya Juno mle ndani. Jibu refu linataka uwe na chai pembeni.

Neno lenyewe ni emulesheni. Ni programu inayoiga mtambo, lakini inaiga tabia ya mtambo sio sauti uliyokwisha toa. Yaani mtu kakaa na ramani ya saketi, kaangalia transista hii inafanya nini na kapasita ile inafanya nini umeme ukipita, halafu kaandika hesabu inayofanya vilevile. Ukibonyeza noti kompyuta inakokotoa pale pale kitu ambacho umeme ungefanya kwenye mashine halisi. Sampuli ni kitu kingine, hiyo ndo kurekodi: mtu anabonyeza noti moja moja kwenye kinanda cha kweli, anahifadhi, na wewe ukibonyeza unachezewa rekodi. Sampuli ni pilau uliyofungiwa kwenye mfuko, emulesheni ni kumfuata mpishi jikoni ukajua moto anaupunguza saa ngapi. Vyote vinashibisha, ila kimoja tu ndo unaweza kuongeza bizari katikati ya safari.

Hili nililijua kwa hasara. Niliwahi kununua mtandaoni furushi la sauti za "vinanda vya kale", jina la muuzaji nabaki nalo, demo ilikuwa tamu balaa. Nimefungua naona kila sauti imerekodiwa noti moja tu, Do ya katikati, halafu programu inaivuta kwenda juu na chini. Sasa ile sauti ilikuwa na mtetemo kidogo, ule wa kuyumbayumba kama mwimbaji anayevuta noti. Ukipiga Do ya oktavu ya juu programu inaicheza rekodi kwa kasi mara mbili, kwa hiyo na mtetemo unakimbia mara mbili, ukishuka chini unakuwa kama mtu anayesinzia. Ukipiga noti tatu pamoja kila moja inatetemeka kwa mwendo wake, vurugu tupu. Kwenye mashine halisi mtetemo unatoka kwenye wimbi moja la polepole, wenyewe wanaliita LFO, na halijali umepiga noti gani. Emulesheni inalijua hilo kwa sababu ndani yake LFO ipo kama sehemu inayojitegemea. Rekodi haijui kitu, yenyewe ni picha tu. Kuna sampuli nzuri zilizorekodiwa kila noti kwa uangalifu, sikatai, ila ile haikuwa mojawapo.

Sasa ili tuelewane, sinthesaiza nyingi za zamani zina mambo matatu. Osileta inayotoa wimbi ghafi, lina kelele kama nyuki ndani ya debe. Filta inayokata masafa ya juu, yaani mawimbi yanayojirudia mara nyingi zaidi kwa sekunde, ili sauti ilainike. Na envelopu inayosema sauti ianze ghafla au ichelewe, ife haraka au ibaki. Minimoog ya mwaka 1970 ilikuwa na osileta tatu na filta moja na ilipiga noti moja tu kwa wakati, na hicho kidude ndo kimezaa besi nusu ya zile unazozisikia mpaka leo.

Ugumu wa kuiga unategemea mtambo ulikuwa wa aina gani, na hapa ndo watu wengi hawaangalii. Chukua Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Ile ilikuwa ya kidijitali tangu kuzaliwa, ndani hakuna umeme unaoyumba, kuna namba zinajumlishwa. Inatumia njia inayoitwa FM ambayo John Chowning wa chuo cha Stanford aliigundua mwaka 1967 na Yamaha wakaja kununua haki ya kuitumia: unachukua wimbi moja laini unalitumia kutikisa wimbi lingine laini kwa kasi kubwa, na kutokana na huo mtikisiko yanazaliwa masafa mapya ambayo hayakuwepo. DX7 ina mawimbi sita ya hivyo kwa kila noti, wanayaita opereta, na namna 32 za kuyapanga nani amtikise nani. Ile piano ya umeme maarufu, E. PIANO 1, imepangwa jozi tatu. Jozi mbili zinatoa mwili wa sauti, na kwenye jozi ya tatu opereta anayetikisa amewekwa kasi mara 14 ya noti uliyopiga, basi huyo mmoja ndo analeta ile "ting" ya mwanzo kama kijiko kimegonga glasi. Mshushe huyo kutoka 14 mpaka 1 uone, glasi imepotea na umebaki na kitu kama filimbi yenye mafua.

Kwa kuwa ni hesabu tupu, kuiiga ni kurudia hesabu ileile. Dexed ni plagini ya bure inayofanya hivyo, na inasoma mafaili yaleyale ya sauti yaliyotoka kwenye DX7 halisi. Faili moja lenye sauti 32 lina baiti 4,104. Sauti thelathini na mbili! Picha moja unayotumiwa WhatsApp na shangazi inazidi hapo mara nyingi sana, na hiyo peke yake inakuonyesha mle hamna rekodi, kuna maelekezo tu. Ila hata kwenye DX7 kuna kaujanja: mwisho wa safari namba lazima zigeuzwe umeme, na kile kigeuzi chake kilikuwa cha biti 12 (biti za kompyuta, zile 0 na 1, sio biti za muziki), kilikuwa kinaacha kachenga fulani sauti ikiwa inafifia. Ndo maana kwenye Dexed unaweza kuchagua injini safi ya kisasa au ile inayoitwa Mark I inayojaribu kufuata ukwaruzaji wa mashine ya awali. Mi natumia Mark I, safi sana inanichosha masikio. Na ukipekua orodha ya sauti kwenye vinanda vya Yamaha vya kanisani na vya harusini unaweza kukuta piano ya umeme yenye DX kwenye jina, hiyo sasa mara nyingi ni sampuli, picha ya yule yule.

Mashine za analogi ndo shughuli. Hapo umeme wenyewe ndo sauti, unapita bila kukatika, wakati kompyuta inaandika sauti kwa nukta, tuseme nukta 44,100 kila sekunde. Kwa idadi hiyo kompyuta haiwezi kubeba masafa yanayozidi nusu yake, 22,050. Sawa, si hata masikio hayafiki huko? Tatizo wimbi la msumeno, ambalo ndo chakula cha kila siku cha sinthesaiza, limejaa masafa yanayopanda bila kikomo. Piga noti ya masafa 5,000, juu yake kuna 10,000, 15,000, 20,000, halafu 25,000 ambayo haina pa kukaa. Haipotei. Inagonga ukuta inarudi chini kama mpira, inatokea kwenye 19,100. Ile ya 30,000 inatokea 14,100, ya 35,000 inatokea 9,100, na hizo namba hazina undugu wowote na noti uliyopiga. Unasikia kitu kama sahani zinakwaruzana nyuma ya muziki, na ukipandisha noti juu zile sauti za ajabu zinashuka chini. Plagini za mwanzo zilikuwa hivyo na ndo zikawapa watu ule msemo wa "programu haina joto". Dawa ipo: unalainisha kona za wimbi kabla hujaliandika, au unakokotoa kwa nukta nyingi mara nne au mara nane zaidi halafu unachuja unapunguza. Prosesa inalia lakini sahani zinanyamaza.

Filta ndo yenye kesi kubwa zaidi. Filta ya Moog, wale wa Minimoog, wanaiita ngazi kwa sababu transista zimepangwa jozi juu ya jozi kama ngazi ya kupandia darini, na sehemu ya sauti inayotoka inarudishwa mwanzo kuingia tena. Ukizidisha huo mrejesho filta inaanza kupiga mluzi yenyewe. Kwenye umeme kurudi huko ni papo hapo. Kwenye kompyuta kawaida lazima usubiri nukta inayofuata ndo uirudishe, kwa hiyo unachelewa kidogo sana, moja ya elfu arobaini na nne ya sekunde, utasema hiyo si kitu. Ni kitu. Kwenye noti za juu mluzi unatoka nje ya tyuni na filta inakuwa na tabia za kushangaza ukizungusha nobu haraka. Waandishi wa programu ikabidi watafute njia ya kutatua hesabu ya kuingia na ya kutoka kwa pamoja, bila kusubiri, kwa kila nukta. Diva, plagini ya kampuni ya u-he ya Berlin iliyotoka mwaka 2011, ilipata jina kwa hilo, na ina ngazi za ubora mpaka moja imeitwa "divine", ukiiwasha kwenye laptop ya kawaida ukapiga kodi ya noti sita, kodi ya muziki sio ya TRA, feni inapiga kelele kuliko wimbo.

Halafu kuna kutofautiana. Mashine yenye noti tano kama Prophet-5 ya mwaka 1978 ndani yake ni kama ina vinanda vitano vidogo, na vipuri havilingani hata kama vimetoka kiwanda kimoja, na joto likipanda kila kimoja kinateleza kivyake. Kwa hiyo kodi moja ni kama kwaya ya mtaa, wote wanaimba noti sahihi ila hakuna wawili wanaofanana kabisa. Programu ikiwa na sauti tano zinazofanana kama pacha unasikia kuna kitu kimekufa hata kama huwezi kukitaja. Emulesheni nzuri zinaipa kila sauti kasoro zake za kudumu. Ziwe za kudumu, sio bahati nasibu kila unapobonyeza, hiyo inakuwa ulevi sio uchakavu.

Juno-106 ajabu yake ni kwamba osileta zake hazitelezi, zinaongozwa na saa ya kidijitali. Sasa ule upana wote unatoka wapi? Kwenye korasi, saketi ya kupanua sauti, sio kiitikio cha wimbo. Chaguo mbili tu, I na II, huna cha kurekebisha. Ndani kuna chipu mbili, MN3009, kila moja ina vyumba 256, na sauti inapokezanwa chumba kwa chumba kama karai za zege kwenye ujenzi, fundi mpaka fundi mpaka juu ghorofani. Ikifika imechelewa kidogo na zege kidogo limemwagika njiani, yaani kelele ya "shhh" imeongezeka na masafa ya juu yamepungua. Mwendo wa kupokezana unaharakishwa na kupunguzwa taratibu, upande wa kushoto ukienda haraka wa kulia unaenda polepole, basi sikio linadhani chumba kimepanuka. Kama unataka kusikia hilo bila kutoa hela kuna plagini ya TAL-Chorus-LX ya kampuni ya TAL ya Uswisi, ni ya bure, na sinthesaiza yao nzima inaitwa TAL-U-NO-LX, hebu litamke kwa sauti ujue wanaongelea nini bila kutaja. Weka sauti yoyote ya kijinga, msumeno mmoja na filta nusu, bonyeza I, zima, bonyeza tena. Kwangu mimi asilimia kubwa ya "Juno" ni hicho kibonye, na mtu anayehangaika wiki nzima na filta huku korasi yake mbaya anapoteza muda.

Na mashine zenyewe zinakufa. Kila noti kati ya sita za Juno-106 inapita kwenye kidude kinaitwa 80017A, kimefunikwa na gundi ngumu nyeusi ambayo ikizeeka inaharibu mambo, noti moja inaanza kukwaruza au inaning'inia haizimi. Mafundi wanavilowesha kwenye asetoni siku kadhaa kuvua hiyo gundi. Mtu wa studio ya chumbani mwenye programu ya muziki kama FL Studio na spika mbili hana huo ugomvi, anafungua faili na noti zote sita zipo.

Kinachonichekesha ni kwamba sasa hata mitambo inajiiga. Kampuni ya Sequential walipoirudisha Prophet-5 mwaka 2020, mashine kabisa sio programu, waliweka nobu imeandikwa Vintage, ukiizungusha inaharibu utulivu wa osileta mpaka ifanane na matoleo ya kwanza yaliyokuwa yanawasumbua wanamuziki jukwaani. Plagini nazo kibao zina nobu ya aina hiyo, na nyingine ya kuongeza ile "shhh" ya korasi, ambayo mafundi wa studio wa miaka ya 80 walikuwa wanahangaika kuiondoa kwenye mikanda. Ya uchakavu naiweka robo. Ya shhh nimeizima, feni ya laptop inatosha.