Treni haigeuki kama bajaji, jamani

Niko likizo nyumbani Mtwara, nimekaa zangu kijiweni na kahawa, kijana mmoja wa bajaji kasikia mi ni mtu wa reli Dar, basi: "Bro, ile treni ya Mwakyembe, ya abiria wa mjini Dar, ikifika mwisho mbona inakaa muda mrefu vile, si mgeuze tu mrudi?" Hii mara ya nne wiki hii. Ya tatu alikuwa mjomba wangu. Siwalaumu sana, reli yetu ya ule mradi wa karanga wa mkoloni, ya kwenda Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wengi hapa treni wameionea kwenye simu.

Treni haigeuki. Kichwa kikivuta mabehewa mpaka mwisho wa reli kinakuwa kimenasa, mbele bafa, yaani kizuizi cha mwisho wa reli, nyuma mabehewa yake mwenyewe. Tunakikata, kinasogea mbele, jamaa wa pointi anabadili njia, kinapita pembeni kinaenda kuungwa upande wa pili. Hapo omba njia ya pembeni iwe tupu, maana kuna watu wakiona reli haina kitu wanaegesha behewa bovu.

Halafu breki, na hapa ndo abiria wanaanza kusonya. Ukishakata bomba la hewa ya breki ukaliunga upya, hewa lazima ijae treni nzima, na mtu aende mpaka behewa la mwisho aone linashika na linaachia. Koki moja tu ya bomba hilo ikisahaulika imefungwa, treni itaondoka vizuri kabisa, itatembea vizuri kabisa, na mabehewa yote ya nyuma ya ile koki hayana breki. Utajua siku ya kusimama. Kwa hiyo mkiona tunazunguka-zunguka pale chini hatutafuti hela iliyodondoka.

Mchongoko, ile treni ya umeme ya reli mpya ya SGR, una chumba cha dereva kila upande, sawa, hakuna kukata kichwa, ila dereva bado anafunga huku anatembea mabehewa 8 kwenda kule, na breki anapima.

Sasa linaloniudhi kabisa ni "waongeze treni". Waongeze ziingie wapi? Chukua kituo cha mwisho chenye jukwaa moja: kuingia dakika 3, kukaa 20, kutoka na kuachia njia 3. Hizo 26. Kwa saa moja zinapita 2, hata ukinunua vichwa 50 vipya, vitapanga foleni huko nyuma, na laini yote inatembea kwa mwendo wa kile kituo cha pembeni ambacho hakuna mkubwa anayekwenda kukipiga picha.

Ila hizo 20 zenyewe, nikiri, nimebishana nazo miaka. Nimewahi kupanga 20, watu wakazembea, kila mtu anajua muda upo. Nikashusha mpaka 12, kufika saa mbili asubuhi ratiba yote imevurugika, kwa sababu treni iliyokuja imechelewa haina pa kujifidia. Tukahamishia dakika za akiba katikati ya laini, treni zikawa zinasimama vituoni bila sababu, abiria wakatutukana huko badala ya mwisho. Kila nikibadilisha najiona mjanja kwa wiki mbili hivi.

Kijana kanisikiliza vizuri tu, akapata abiria wa Mikindani, akapiga staata, akageuza bajaji palepale tulipokaa huku ananicheka.