Kabla ya Kuilaumu Betri: Dhana Potofu Kuhusu Mashine za Chaji na Farasi Mwenye Manyoya Mazito

Mwezi Juni unapoingia, ukungu wa Mufindi ukaanza kulala juu ya mashamba ya chai hadi katikati ya asubuhi, simu yangu huanza kuita, na kabla sijaipokea huwa ninajua nitakachoulizwa: "Daktari, mashine ya kunyolea ya chaji inakwama kwenye manyoya ya farasi, sasa ninunue yenye volti ngapi?" Farasi si wengi katika Nyanda za Juu Kusini, na wenye kuwanyoa ili wakauke upesi baada ya jasho ni wachache zaidi, kwa hiyo maneno hutoka zizi moja hadi jingine kwa haraka, na neno la uongo halikawii njiani kuliko la kweli. Wiki iliyopita nimeulizwa swali hilo mara tatu, na mara ya tatu nilijibu kwa ukali ambao muulizaji hakustahili. Andiko hili ni sehemu ya kumwomba radhi, ingawa sibadilishi hata neno moja la jibu nililompa.

Anayeuliza huwa amekwisha kujijibu. Mashine yake ilianza vizuri shingoni, ilipofika begani ikaanza kuvuta manyoya badala ya kuyakata, farasi akaruka pembeni, saisi, yaani mtunza farasi, akakanyagwa, na papo hapo ikatolewa hukumu kwamba betri ni dhaifu na kwamba dawa yake ni betri kubwa zaidi. Nikimuuliza visu vilinolewa lini, hunyamaza. Nikimuuliza farasi alioshwa lini, hucheka, kana kwamba nimeulizia habari za harusi. Lakini volti iliyoandikwa kwenye boksi haipimi uwezo wa mashine kupita katika manyoya mazito. Volti ni kipimo kimoja tu cha betri, na hata kiasi cha umeme uliohifadhiwa hakijulikani mpaka volti izidishwe kwa ampea-saa. Betri ya volti 10.8 yenye ampea-saa 2.5 inahifadhi wati-saa 27, ilhali betri ya volti 7.2 yenye ampea-saa 5 inahifadhi wati-saa 36. Mnunuzi aliyekimbilia namba kubwa ya kwanza amerudi nyumbani na betri yenye akiba ndogo, tena huenda kwa bei ya juu. Na hiyo akiba yenyewe inaeleza mashine itafanya kazi kwa muda gani. Kama itakata au haitakata, hilo ni la mota, na zaidi ya mota ni la visu.

Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaohesabu mipigo kwa dakika, yaani kisu kinakwenda na kurudi mara ngapi. Mashine kubwa za farasi nyingi hupiga kati ya mipigo 2,000 na 3,000 kwa dakika, na zipo mashine ndogo za kusafishia masikio na kingo za kwato ambazo hupiga zaidi ya hapo, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezishusha kwenye kiuno cha farasi mwenye manyoya ya Julai. Jambo la kumuuliza muuzaji ni iwapo mashine huushikilia mwendo wake inapobebeshwa mzigo, au hulegea na kubadilisha sauti mara tu inapoingia penye manyoya mengi. Mashine ya aina ya pili huliacha koti la farasi, yaani manyoya yake ya mwili, na mistari kama ya jembe.

Mashine yoyote hukata kwa visu viwili: cha chini, ambacho hakichezi na ambacho meno yake hutenganisha manyoya, na cha juu, kinachokwenda kushoto na kulia juu ya kile cha chini. Manyoya hukatika pale makali ya visu hivyo yanapokutana yakiwa yamelaliana sawasawa, kama makali ya mkasi. Sasa mchukue farasi aliyegaagaa katika udongo mwekundu tangu mvua zilipokatika, mwenye vumbi hadi kwenye ngozi na mafuta ya mwili yaliyoushika uchafu huo kama gundi, kisha mpitishie visu hivyo. Chembe za mchanga huyala makali ya chuma, na jozi mpya ya visu inaweza kuwa butu kabla ya kufika upande wa pili wa farasi huyo mmoja. Farasi aoshwe kwa sabuni siku ya jua, akauke kabisa hadi kwenye mizizi ya manyoya, kwa sababu manyoya yenye unyevu hujikusanya kati ya meno na kuyaziba, halafu apigwe brashi siku ya kunyolewa. Ninajua kwamba kumwosha farasi mwezi Juni huku kwetu si jambo la mzaha. Ndiyo sababu ninawashauri wateja wangu kuifanya kazi hii mapema, mwezi Mei, katika siku kavu zenye jua, badala ya kungoja mpaka baridi iwe imekamata.

Kinachofuata ndicho kinachonimaliza subira. Mashine inapoanza kuvuta manyoya, karibu kila mtu hukaza skrubu ya visu. Akikaza, kisu cha juu hukandamizwa juu ya cha chini, msuguano huongezeka, chuma hupata moto, mota hufanya kazi maradufu, na betri iliyotarajiwa kudumu saa moja na nusu huisha kabla farasi hajanyolewa nusu. Mwenye mashine huona betri imeisha mapema, naye huona hoja yake imethibitika. Nimeshuhudia betri nzima kabisa ikitupwa kando kwa sababu ya skrubu iliyokazwa na mtu mwenye nguvu nyingi za mkono. Skrubu ikilegea kupita kiasi ni kosa pia, maana manyoya huingia katikati ya visu na kukunjwa bila kukatwa. Kipimo sahihi kimo katika kijitabu cha mtengenezaji, kile kinachotupwa pamoja na boksi. Kwa mashine nyingi kubwa utaratibu ni kukaza hadi mkono usikie ukinzani wa kwanza, kisha kulegeza kwa kiasi kilichotajwa, ambacho katika baadhi yake ni mzunguko mmoja na nusu. Ukaanza hapo, ukakaza kidogo kidogo kadiri visu vinavyochakaa, na ukakaza hadi mwisho wa kipimo bila mashine kukata, basi visu ni butu na vinatakiwa kunolewa.

Visivinolewe, nasisitiza, na fundi anayenoa visu vya jikoni kwa jiwe la kuzunguka. Visu vya mashine hunolewa kwenye bamba maalumu linalorudisha uso wa visu katika umbo lake kamili, tena hunolewa pamoja kama jozi, kwa kuwa kimoja kikiguswa na kingine kikaachwa havitalaliana tena. Kwa kuwa kazi hiyo huku kwetu mara nyingi humaanisha kuvituma mbali na kungoja, shauri langu, ambalo wateja wamelichoka, ni kwamba mtu anunue jozi ya pili ya visu kabla ya kufikiria betri ya pili. Na mafuta ya mashine yadondoshwe kila baada ya dakika tano hadi kumi za kazi, pamoja na kukigusisha kisu nyuma ya mkono. Kikikuunguza wewe, kinamuunguza na farasi, naye hana namna ya kukwambia ila kwa teke.

Tofauti na hayo, ipo dhana kwamba manyoya yakiwa mazito yanahitaji kisu chembamba chenye meno mengi "ili kukata vizuri". Mambo ni kinyume. Manyoya mazito yanahitaji kisu chenye nafasi kubwa kati ya meno, ili yaingie na kutoka bila kusongamana. Meno mengi yaliyobanana yanafaa koti jepesi na sehemu ndogo kama usoni. Visu huuzwa kwa madaraja, kuanzia vinavyoacha takriban milimita 1 hadi vinavyoacha milimita 3 au zaidi, na kwa farasi wa Mufindi au Njombe anayelala kwenye banda lililo wazi upande mmoja, ninachagua daraja la kati au lile linaloacha manyoya marefu zaidi. Farasi aliyeachiwa milimita 1 hutetemeka usiku, na mchana jua la mwinuko wa mita 1,900 humchoma kwenye ngozi, hasa akiwa na mabaka meupe. Wala si lazima anyolewe mwili mzima. Kwa farasi anayefanya kazi ya wastani, kuondoa manyoya ya chini ya shingo, kifua na tumbo kunatosha kumwezesha kukauka upesi baada ya jasho, na miguu ikaachwa na koti lake ili imkinge na matope na miiba.

Kuhusu mashine ya kinyozi, ambayo kila mwaka kuna mtu huiazima saluni akiamini kwamba mashine ni mashine tu, nina hoja mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: kisu chake ni chembamba, meno yake yamepimwa kwa nywele za kichwa cha mtu, na "namba mbili" ya saluni ni kitana cha plastiki kinachojaa manyoya ya farasi katika pigo la kwanza. Mwili wa farasi humchukua mtu mzoefu hata saa mbili kwa mashine ya ukubwa unaostahili. Kwa mashine ya saluni mtamalizia kesho, nayo itakuwa imeungua. Ya pili ndiyo nzito. Choa cha farasi humwambukiza binadamu, na husafiri vizuri sana juu ya meno ya mashine. Mashine iliyopita kwenye ngozi ya farasi mwenye mabaka ya choa, kisha ikarudishwa saluni ikasubiri vichwa vya watoto wanaokwenda shule Jumatatu, ni jambo ambalo sitaki hata kulifikiria. Hata kati ya farasi na farasi, visu vioshwe na vitiwe dawa ya kuua vimelea kabla ya kuhamia kwa mwingine.

Wapo pia wanaoamini kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe. Ushauri huo ulikuwa na maana katika enzi za betri za nikeli-kadmiamu. Betri za lithiamu, ambazo ndizo zilizomo katika mashine nyingi za chaji za sasa, hupendelea kuchajiwa kabla hazijakauka, na zikiwekwa kwa miezi mingi ni heri ziwekwe zikiwa na nusu ya chaji, mahali pasipo joto. Kwa asubuhi zetu, hasa za Makete ambako majani huamka yamefunikwa na sakitu, betri iliyolala stoo hutoa nguvu pungufu mpaka ipate uvuguvugu, kwa hiyo ilale ndani ya nyumba, wala isichajiwe ikiwa imeganda kwa baridi.

Mashine ya chaji si lazima iwe ya kimya, kama wengine wanavyodhani. Faida yake ya kweli ni kwamba hakuna waya wa kukanyagwa na kwato mahali penye maji, na kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, kama ilivyo desturi yake, farasi habaki amenyolewa ubavu mmoja. Sauti ni suala la mota na visu, na farasi huizoea polepole: mashine iwashwe mbali naye anapokula, isogezwe siku hadi siku, kisha kiganja kiwekwe juu ya mwili wa farasi na mashine juu ya kiganja. Wengine huniomba sindano ya kumtuliza ili wayakwepe mazoezi hayo. Sindano ipo na mara nyingine ni ya lazima, lakini hutolewa na daktari wa mifugo, na farasi aliyetulizwa bado anaweza kupiga teke, tena bila kutoa onyo. Zaidi ya hapo, dawa zinazotumika sana kwa kazi hiyo humtoa farasi jasho, na tumekwisha kuona manyoya yenye unyevu yanavyoitendea mashine.

Ama kuhusu madai kwamba farasi akinyolewa mwaka huu mwakani manyoya yatarudi mazito zaidi, si kweli. Manyoya yaliyokatwa yana ncha butu inayokwaruza kiganja, na kiganja ndicho kinachodanganyika.

Limebaki la baridi. Karibu kila mfugaji huamini kwamba koti la farasi huwa zito kwa sababu ya baridi peke yake. Baridi inachangia, lakini kinachoongoza ni urefu wa mchana, ambao mwili wa farasi huupima kwa mwanga. Katika latitudo ya Iringa na Mbeya tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni takriban saa moja tu, kwa hiyo mabadiliko ya koti kwa farasi wetu huwa ya wastani, na kila farasi hutofautiana na mwenziwe kulingana na asili yake, lishe yake na umri wake. Kwa sababu hiyo, nikipelekewa farasi mwenye umri wa zaidi ya miaka 15 ambaye mwezi Januari bado amevaa manyoya marefu, yaliyojikunja, yasiyopukutika, mwenye mgongo uliopungua nyama na anayekunywa maji kuliko wenzake, siulizi habari za mashine hata kidogo. Hizo ni dalili za hitilafu katika tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo hubainika kwa kipimo cha damu, ina dawa ya kuidhibiti, na ikiachwa inaweza kumletea uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Farasi wa namna hiyo atanyolewa, naam, maana joto la mchana humtesa ndani ya koti hilo, lakini damu yake ichukuliwe kwanza.