Neva ya 11 ya fuvu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Neva za fuvu, yaani mishipa ya fahamu inayopita kwenye fuvu la kichwa, ni jozi 12, na wengi hukariri kwamba zote hutoka kwenye ubongo. Ya 11, akisesori, haimo humo. Nyuzi zake zinazoendesha misuli huanzia ndani ya uti wa mgongo, sehemu ya juu ya shingo. Hupanda, huingia kwenye fuvu kupitia tundu kubwa la chini, kisha hutoka tena kwa tundu jingine pamoja na neva ya 9 na ya 10. Mzunguko wa ajabu, maana kazi yenyewe iko shingoni na begani.

Wengine huipa pia kazi ya sauti na kumeza. Kipo kifungu kidogo kinachotoka kwenye ubongo na kuambatana nayo kwa mwendo mfupi, lakini huiacha kikajiunga na neva ya 10, vegasi. Kwa maoni yangu, hicho ni mali ya vegasi tangu mwanzo.

Neva hii huendesha msuli wa shingo unaogeuza uso. Je, ukigeuza uso kulia, msuli wa kulia ndio unaovuta? La. Simama mbele ya kioo ujaribu: unaotuna ni wa kushoto, ule unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye kidari na mtulinga.

Dhana yenye gharama kubwa ni ya "upasuaji mdogo tu". Mtu amevimba tezi ubavuni mwa shingo. Afrika Mashariki kifua kikuu cha tezi si kigeni, kwa hiyo anakatwa kinyama cha vipimo. Kidonda kinapona vizuri, kovu halionekani sana, ila kuanika nguo kwenye kamba kunamshinda. Neva hii hupita pembeni mwa shingo ikiwa juu juu, karibu kabisa na tezi hizo, na upasuaji wa eneo hilo ndio unaoongoza kwa kuijeruhi.

Hapo ndipo watu husema ni kiharusi, au bega limeganda, na mgonjwa anaanza kuchuliwa. Mtazame vizuri. Bega limeshuka, kombe la bega limechomoza mgongoni, mkono ukiinuliwa kwa pembeni unakwama kwenye usawa wa bega. Lakini kiwiko kinakunjwa na vidole vinashika kama kawaida. Tena, bega lililoganda halipandi hata likiinuliwa na mtu mwingine. Hili, hasa siku za mwanzo, linapanda.

Kuchua hakuungi neva iliyokatika. Mazoezi ya viungo huzuia bega kukakamaa, lakini kuiunganisha neva, au kuipandikizia kipande cha neva nyingine, hufaa zaidi katika miezi michache ya kwanza. Ukipita mwaka, msuli mkubwa wa bega unaoendeshwa na neva hii huwa umesinyaa, na mara nyingi daktari hubakiwa na njia ya kuhamisha misuli ya jirani ili ishikilie kombe la bega badala yake.